Watoto Wawili wa Namba Iliyodhaniwa Tasa

Iandike taratibu, tarakimu tatu tatu kama karani wa benki: 147,573,952,589,676,412,927. Ukitaka kuionja ukubwa wake, chukua bao la Kiswahili lenye mashimo 32. Shimo la kwanza tia punje moja ya mchele, la pili mbili, la tatu nne, la nne nane, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Bao moja halitoshi. Weka la pili kando yake, kisha fukua mashimo matatu zaidi hapo mchangani, yatimie 67. Jumla ya punje zote ndiyo namba hiyo. Gramu moja ya mchele ina punje kama 40, kwa hiyo hapa kuna tani trilioni tatu na nusu na ushei. Kwa mavuno ya siku hizi, ambayo ni kama tani milioni 500 za mchele kwa mwaka, wakulima wa dunia nzima wangelima miaka elfu saba hivi bila mtu hata mmoja kuonja wali.

Wanahisabati huiandika kwa ufupi, 2⁶⁷ − 1. Yaani andika 2 mara 67, zizidishe zote, kisha ondoa moja.

Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani uliofanyika New York, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia, Frank Nelson Cole, aliitwa kutoa mada yake kuhusu kuzichambua namba kubwa. Mwandishi Eric Temple Bell ndiye aliyelisimulia tukio hilo miaka mingi baadaye. Anasema Cole alikwenda ubaoni bila kufungua kinywa, akaizidisha 2 kwa 2 hadi akafika kipeo cha 67, akaondoa moja. Kisha akahamia upande wa ubao uliokuwa safi, akaandika namba mbili, moja chini ya nyingine, akaanza kuzizidisha kwa mkono, safu kwa safu, kama mtoto wa darasa la nne:

193,707,721 × 761,838,257,287

Jibu la upande huu likalingana na la upande ule. Cole akaweka chaki, akarudi kuketi. Watu wakapiga makofi, na hapakuwa na swali. Bell hakuwa mtu wa kuogopa kutia chumvi katika hadithi zake, na sitaweka mkono motoni kwa kila kipande cha simulizi hii. Ila kuzidisha kwenyewe hakuhitaji shahidi. Mwenye kalamu na subira atakuhakiki leo kabla chai haijapoa.

Kiswahili kimezipa jina zito zile namba zisizogawanyika kwa nyingine yoyote ila kwa moja na kwa zenyewe: namba tasa. Ni neno lisilo na huruma likimwangukia mwanamke, lakini kwenye hesabu limekaa mahali pake. Saba ni tasa, kumi na tatu ni tasa. Kumi na tano si tasa, ina watoto wawili, 3 na 5. Na namba yetu ya punje za mchele ilihesabiwa kuwa tasa kwa zaidi ya karne mbili.

Aliyeiita hivyo alikuwa mtawa Mfaransa, Marin Mersenne. Mwaka 1644, katika kitabu alichokiita Cogitata Physico-Mathematica, alitoa orodha ya vipeo ambavyo ukiipandisha 2 kwavyo na kuondoa moja unapata namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127, 257. Kwa nini watu walijali? Kwa sababu ya fundisho la kale la Euclid: kila namba tasa ya aina hii inazaa namba kamilifu, yaani namba iliyo sawa kabisa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Mfano ni 6, ambayo ni 1 na 2 na 3; ikifuatiwa na 28, na 496, na 8,128. Namba kamilifu zilipendwa kama lulu, na orodha ya Mersenne ilikuwa ramani ya mahali pa kuzamia.

Ramani hiyo ilikuwa na kasoro tano. Ilizisahau 61, 89 na 107, ikaziingiza 67 na 257 zisizostahili. Lakini nani angemkosoa? Leonhard Euler mwenyewe, mwaka 1772, aliishia kuthibitisha 2³¹ − 1, namba ya tarakimu kumi tu.

Mtu wa kwanza kuitilia shaka 67 kwa ushahidi alikuwa Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, mwaka 1876. Alibuni kipimo cha ajabu kinachojibu kama namba ni tasa au la bila kumtafuta mtoto yeyote. Umbo lake la leo, lililonyooshwa na Mmarekani D. H. Lehmer, linaingia kwenye kiganja: anza na 4, izidishe kwa yenyewe na uondoe 2, gawanya kwa namba unayoipima, ushike kilichobaki, rudia. Kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1, unapata 14, kisha 194 inayobakiza 8, kisha 62 inayobakiza sifuri. Sifuri ikitokea katika hatua iliyo pungufu ya kipeo kwa mbili, namba ni tasa. Isipotokea, si tasa. Lucas akatangaza kwamba 2⁶⁷ − 1 ina watoto. Majina yao hakuyajua.

Hali hiyo ilidumu miaka 27, na mimi huiona ni moja ya hali za kushangaza zaidi katika hesabu. Kujua kwa hakika kwamba mlango upo, na kuupapasa ukuta mzima usiuone.

Sasa tuingie karakana, maana uzuri wa kazi ya Cole hauko ubaoni. Pale ubaoni ni kiti kilichokwisha kupigwa msasa na vanishi. Fundi mtazame anapochagua mbao.

Mtu asiye na ufundi angeanza kugawanya: kwa 3, kwa 5, kwa 7, na kuendelea. Fundi huanza kwa kuuliza: mtoto wa namba hii, kama yupo, lazima awe na sura gani? Pierre de Fermat, aliyeandikiana barua na Mersenne, alikuwa amekwisha kuligundua jibu. Kigawo chochote kilicho tasa cha namba kama yetu, ukikiondoa moja, lazima kigawanyike kwa mara mbili ya kipeo. Kipeo chetu ni 67, mara mbili yake ni 134. Kwa hiyo tunatafuta namba za umbo moja tu: 134 mara kitu fulani, jumlisha 1. Tena kuna sharti la pili, kwamba ukigawanya kigawo hicho kwa 8 lazima ibaki 1 au 7. Pitisha masharti yote mawili na uone jinsi uwanja unavyokauka. Ya kwanza kupita ni 135, lakini inagawanyika kwa 5. Inayofuata ni 537, inagawanyika kwa 3. Kisha 671, ambayo ni 11 mara 61. Kisha 1,073, ambayo ni 29 mara 37. Kisha 1,207, ambayo ni 17 mara 71. Namba tasa ya kwanza inayostahili hata kujaribiwa ni 1,609! Kila kitu kilicho chini yake kimetupwa bila jasho.

Bado haitoshi. Kuanzia 1,609 hadi kwa mtoto mdogo, 193,707,721, wamebaki kama watahiniwa elfu themanini. Kila mmoja anadai mgawanyo mrefu wa namba ya tarakimu 21. Ukifanya kumi kwa siku, kila siku, bila kuugua wala kwenda harusini, unamaliza baada ya miaka 22 hivi.

Ndipo panapokuja hatua ninayoipenda kuliko zote. Nitaionyesha kwa mdogo wake, 2¹¹ − 1, yaani 2,047, ili uweze kuifuata kwa kalamu. Mara mbili ya kipeo ni 22. Kila kigawo, ukikiondoa moja, kinagawanyika kwa 22. Basi vipo vigawo viwili usivyovijua. Ondoa moja kwa kila kimoja, vizidishe vilivyobaki: matokeo lazima yagawanyike kwa 22 mara 22, yaani 484. Ukilifungua zidisho hilo unakuta kwamba zao la vigawo vyako, ukiliongeza moja, linabakiza kiasi kilekile ambacho jumla yao inabakiza, ukigawanya vyote kwa 484. Na zao lao unalijua! Ni 2,047, ongeza moja, ni 2,048. Gawanya kwa 484: inaingia mara nne, inabaki 112. Kwa hiyo jumla ya watoto wawili, ambao hujawaona bado, ni 112, au 112 ukiiongezea 484 mara kadhaa. Jaribu ile ya kwanza. Nusu ya 112 ni 56. Mraba wa 56 ni 3,136. Ondoa 2,047, inabaki 1,089, ambayo ni mraba wa 33. Basi 56 ukiondoa 33 ni 23, na 56 ukiongeza 33 ni 89. Zidisha 23 kwa 89. Ni 2,047.

Nilipoifanya mara ya kwanza nilicheka peke yangu mezani. Ni kama kumwuliza mtu umri wa wanawe, akakataa kukutajia, lakini akateleza ulimi akataja jumla.

Ile hatua ya mwisho ina maelezo yake. Namba mbili zina mahali pao pa katikati, na kila moja iko umbali uleule kutoka hapo, huyu chini, yule juu. Zao lao ni mraba wa katikati ukiondoa mraba wa umbali. Ukiipata katikati, umewapata wote wawili. Fermat tena.

Rudi sasa kwa namba kubwa. Badala ya 484 tuna 134 mara 134, yaani 17,956, na 2⁶⁷ ukiigawanya kwa hiyo inabaki 10,320. Jumla ya watoto nayo inabakiza 10,320. Sharti zuri, lakini namba zinazolitimiza ni nyingi mno. Cole akaendelea kubana. Alizikusanya namba ambazo miraba inaweza kubakiza na zile ambazo haiwezi kamwe, akazitumia kama chekecheke zenye matundu tofauti, na mwishoni, katika makala aliyoichapisha mwaka huohuo wa 1903, aliifikisha katikati kwenye umbo hili: 1,160,932,384, kisha uongeze 1,323,536,760 mara kadhaa. Hiyo namba ya pili ukiivunja unaona zana zake zote zimelala ndani: 67 mara 67, mara 8, mara 81, mara 5, mara 7, mara 13. Ni sawa na kufungua sanduku la seremala na kukuta patasi zimepangwa kwa ukubwa.

Katikati haiwezi kuwa chini ya kipeuo cha pili cha namba yenyewe, yaani bilioni 12 na milioni 148 hivi, kwa hiyo ngazi ya kwanza inayowezekana ni ya 9. Jibu lilikuwa ngazi ya 287. Zipande: 287 mara 1,323,536,760, ongeza 1,160,932,384, unafika 381,015,982,504. Ipandishe mraba, ondoa namba yetu, na kinachobaki ni mraba kamili wa 380,822,274,783. Toa, jumlisha, watoto hao hapo. Mtu ambaye angepita katikati moja baada ya nyingine angezihesabu zaidi ya bilioni 368 kabla ya kufika. Cole alikuwa na ngazi 279 za kupanda, nyingi zikiporomoka kwa kuguswa tu.

Bell anasema alimwuliza mwaka 1911 ilimchukua muda gani, naye akajibu: Jumapili za miaka mitatu. Siku nyingine alikuwa na darasa, na alikuwa katibu wa chama hicho cha hisabati, kazi aliyoifanya tangu 1896 hadi 1920. Alipostaafu wenzake walimchangia fedha. Akazitoa zianzishe tuzo, ambayo mpaka leo inatolewa kwa jina lake kwa wanaofanya kazi bora ya aljebra na nadharia ya namba. Simulizi hupenda kumweka Cole kama mtu wa ukimya ule wa ubaoni, lakini mimi namfikiria zaidi Jumapili ya themanini, karatasi zimetapakaa, hakuna dalili, na kesho yake kuna barua za chama za kujibu.

Baada ya yeye kuivunja, namba hiyo imepata cheti chake kamili. Ni witiri. Ni zao la namba tasa mbili tofauti, kwa hiyo haina mraba wowote uliojificha ndani yake isipokuwa wa 1. Ni namba pungufu, tena pungufu vibaya: jumlisha vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, 1 na wale watoto wawili, unapata 762,031,965,009, ambayo haifiki hata sehemu moja kati ya milioni 193 ya namba yenyewe. Iliyosadikiwa kuwa mama wa namba kamilifu imegeuka kuwa mbali na ukamilifu kuliko karibu kila namba ya kawaida. Na ukiiandika kwa lugha ya kompyuta, yenye 0 na 1 peke yake, ni tarakimu 1 zilizopangwa mstari, 67, bila sifuri hata moja. Ukiiona hivyo huwezi kuamini kwamba inavunjika.

Jumapili moja nilinunua kaunta buku nikaizidisha mwenyewe. Ukimweka mtoto mdogo chini kuna afueni ambayo sikuitarajia: tarakimu zake ni 1, 9, 3, 7, 0, 7, 7, 2, 1. Saba zimo tatu, moja zimo mbili, na sifuri ni mapumziko. Kwa hiyo safu za kuhesabu kweli ni nne tu, za 9, 3, 7 na 2. Zilizobaki ni kunakili. Ya saba ni 5,332,867,801,009, unaiandika mara tatu ukiisogeza tu. Mara ya kwanza jibu langu lilikataa. Nikalipima kwa tisa, kipimo cha zamani cha wenye vitabu vya hesabu: jumlisha tarakimu za namba, kisha za jibu, mpaka ibaki tarakimu moja. Mtoto mdogo anatoa 37, kisha 10, kisha 1. Mkubwa anatoa 64, kisha 10, kisha 1. Moja mara moja ni moja, na zao lao lazima litoe 1. La kweli linatoa 109, kisha 10, kisha 1. Langu lilitoa 7. Nilikuwa nimesahau kubeba 3 katikati ya safu ya tisa.

Nilipolirekebisha, mkono ulikataa kuacha kalamu. Nikataka kujua ngazi zile ambazo Cole hakukaa zilikuwa na ubaya gani. Nikashuka moja, ya 286: 379,692,445,744. Chekecheke ya 11 ni rahisi, unajumlisha na kutoa tarakimu kwa zamu kuanzia kulia. Katikati hiyo inabakiza 7, mraba wake unabakiza 5, na namba yetu inabakiza 6. 5 ukiondoa 6 ni sawa na 10 huku kwenye 11. Lakini miraba ikigawanywa kwa 11 hubakiza 0, 1, 3, 4, 5 au 9, haibakizi 10 kamwe. Ngazi ya 286 imeanguka, na sikupandisha mraba wowote wa tarakimu 24. Ya 285 ikapita kwenye 11 salama, nikaipeleka kwenye 17, ikakwama: ilibakiza 14, na hakuna mraba unaobakiza 14 huko. Ya 284 ikaangukia kwenye 11. Ya 283 ikapita 11, ikafia 17. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika 282 juu, na kutoka barabarani nikasikia adhana ya magharibi.